Janti ya Adalbert na Padri Mwani

Papa Adalbert, mupiga kengele wa kanisa letu kidogo la Wapresbiteri kule Kadutu, alikuwa mufupi hivi: akisimama kwa kuimba, watu wa nyuma walimuambia, "Muzee, simama basi!" Lakini mukono wake wa kuume, eh! Ungesema aliuazima kwa mutu mwingine akasahau kuurudisha.

Kengele yenyewe haikuwa kengele. Ilikuwa janti, kile chuma cha ndani ya gurudumu, ya kamio moja, lori iliyokufia njia ya Bunyakiri, imefungwa na munyororo juu ya mukaratusi wa kiwanja cha kanisa. Siku ya Mungu, saa mbili ya asubuhi, Adalbert alishika chuma chake akapiga. Samaki za ziwa zilifunga kinywa. Upepo ukiwa muzuri, ng'ombe za Luvungi ziligeuza vichwa zikaangalia upande wa Bukavu. Mwenye kubisha aende aulize zile ng'ombe.

Serikali ilipokataza majina ya Wazungu, Adalbert aliandikwa Mushagalusa. Alikunja karatasi ya lile jina jipya, akaificha ndani ya Biblia, mu kitabu cha Hesabu, mahali hakuna mutu anafika.

"Jina wamechukua, Maman Noëlla," aliniambia. "Ni sawa. Lakini bila janti, mi niko nani? Mushagalusa tu, sawa wale Mushagalusa mia moja wa soko."

Basi kanisa likafikisha miaka ishirini na tano, ikatafutwa yubile. Kwetu Wapresbiteri, nzi ikiangukia mu chai, komite inakutana kwanza, inachagua rais wa kutosha nzi, kuitoa mu kikombe, na makamu wake. Kwa yubile komite ilikutana mara kumi na saba. Mukubwa wa maneno pale alikuwa Muzee wa kanisa Emile, mutu wa tumbo na wa sauti, ambaye kila mwezi alihubiri juu ya ubaya wa kasiksi. Aliijua ile pombe ya ndizi vizuri sana, rangi yake, povu yake, mpaka sisi wanawake tulisikia kiu.

Siku ya Mungu moja, mwandishi wa komite akasimama kutangaza. Huyu ni Honoré. Alisoma sana, hakuweza kuomba chumvi bila kuweka Kifaransa ndani.

"Wandugu," akasema, "komite imekata neno. Siku ya yubile, patrimoine iko mbele, karibu na mimbara. Kila mutu atapita mbele yake. Na ile janti itatoshwa mu muti, ishushwe chini. Tangu siku ile itakuwa ya patrimoine."

Muzee Emile akaitika kwa sauti, "Itoshwe! Makelele yake inaniuma kichwa."

Lile neno la Kifaransa alilitoa puani, patrimwani, watu wakapiga makofi. Adalbert hakupiga. Tukitoka, akanivuta kitenge.

"Umesikia, Maman Noëlla? Padri anakuya."

"Padri gani?"

"Padri Mwani! Honoré amemutaja mara mbili. Atakaa mbele, tupite kumusalimia, na wamupe janti yangu!"

Mungu anisamehe. Mimi nilikuwa nimeelewa kidogo kumushinda yeye, lakini kidogo tu, na ulimi wangu ulikuwa unawasha.

"Ah, yule!" nikasema. "Simujui? Ndevu mpaka kwa mukaba wa suruali. Anakusanya kengele sawa vile wengine wanakusanya mbuzi. Kule Kamanyola alichukua mbili, na ya baskeli moja."

"Ya baskeli pia?"

"Mutoto alikuwa bado juu ya baskeli."

Adalbert akakaa chini mu majani. Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulikuwa wa mutu aliyefiwa, nikameza kicheko changu.

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa ya Salongo, ile kazi ya lazima, Kadutu yote ilikuwa barabarani inakata majani ya Serikali. Adalbert akapanda mukaratusi, akashusha janti, akaiweka kichwani. Janti ya kubeba wanaume wane! Alipokanyaga, miguu iliingia mu udongo mpaka magoti, na yale mashimo mvua ikija yanajaa hata leo. Akaipeleka nyuma ya nyumba ya Muzee Emile, mu shamba la ndizi, ambamo kulikuwa shimo limefunikwa na majani, akaiingiza chini ya majani bila kuchungulia. Akawaza: nyumba ya muzee wa kanisa, nani atatafuta?

Yubile ikafika bila kengele. Wamoja walikuya saa kumi na mbili, wengine saa tano, wageni wa Luvungi walikaa kwa ndugu wakingoja mulio. Mbele kulikuwa meza na kitambaa cheupe, na karatasi ya Honoré: PATRIMOINE. Juu ya meza, hakuna kitu.

Pasteur Grégoire, muchungaji wetu, akauliza pole, "Papa Adalbert, patrimoine iko wapi?"

Adalbert akasimama. Wa nyuma wakasema, "Simama!" Akapanda juu ya benchi.

"Unaniuliza mimi, Pasteur? Sikumuita! Kama Padri Mwani amefika, ajionyeshe. Hii ni kanisa la Wapresbiteri. Janti hatapata, hata ndevu zake zifike Uvira!"

Watu wakageuza vichwa kutafuta ndevu mu mulango. Halafu Honoré akashika kichwa. "Papa! Patrimoine si mutu! Ni urizi, kitu cha zamani tunachokiheshimu. Patrimoine ni janti yako!"

"Janti yangu njo padri?"

Watu walicheka mpaka bati za paa zikaachana na misumari. Mimi niliangalia chini, nikatafuta wimbo mu kitabu, na kusoma sijui.

"Nenda uilete," Pasteur akasema. "Umeificha wapi?"

"Mu shimo la Muzee Emile, kule mu ndizi."

Muzee Emile akaruka. "Mubakie hapa! Mi nitaenda peke yangu. Ni mbali, kuko nyoka!"

Wapi! Wageni walikuwa wamesimama tayari, korali mbele, kanisa lote likashuka mu shamba likiimba. Adalbert akatosha majani, akavuta. Janti ikatoka na ndizi za kuiva zimeshika kila tundu, na nyuma yake mitungi mitano ya kasiksi, povu ikituchekea. Harufu peke yake ililevya diakone wawili.

"Ni... ni ndizi za dawa," Muzee Emile akasema.

"Muzee," Adalbert akamuuliza pole, bila ubaya, "janti tuiweke wapi? Juu ya meza, ao mu muti?"

Emile aliangalia mitungi, akaangalia Pasteur. "Mu muti," akajibu. "Tangu zamani nilisema mu muti."

Hakuna aliyebisha. Karatasi ya PATRIMOINE walipigilia kwa mukaratusi, janti ikarudi kwa munyororo, Adalbert akapiga. Ilikuwa saa tisa ya muchana, na watu wa ng'ambo ya Ruzizi wakafikiri ni asubuhi ya kesho.

Alipiga miaka kumi na mbili tena. Mupresbiteri, bwana wa bibi yake Colombe, baba ya watoto wanane, na Kadutu yote ilimuita Padri Mwani. Serikali ilimunyang'anya jina, kanisa likamupa lingine, na ni mara ile moja tu komite yetu haikukutana.