Kuku wa Mjomba Yobe

Nimefanya kazi chini ya walimu wakuu sita, na watano kati yao nimewasahau kwa hiari yangu. Wa sita ni Madamu Esnath Kaluwa, aliyeongoza shule yetu ya msingi huko Ntchisi miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa msaidizi wake, na woga wa watu wawili niliubeba peke yangu.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kupanga watu foleni. Wanafunzi hawakulima shamba lake hata siku moja, jambo ambalo wakuu wengine waliliona haki yao. "Wakitaka kulima, walime kwao," alisema.

Mwaka ule kanisa lilitupa nafasi moja ya msichana kusomeshwa sekondari ya bweni. Sharti lilikuwa alama nzuri, na asiwe mtoro. Jumapili moja Mjomba Yobe, kaka wa mama yake Madamu, akamletea kuku jike mnene. Kwetu kuku wa mjomba harudishwi. Akachinjwa, akaliwa na nsima, ugali wa kwetu, nami nikapewa paja. Kesho yake mjomba akatokea ofisini.

"Mjukuu wangu Tadala ndiye anayefaa ile nafasi."

"Tadala alikosa muhula mzima, Mjomba."

"Kwani kalamu huna? Jaza zile siku. Au kuku wangu alikuwa mchungu?" Akavaa kofia. "Mwezi ujao binti yako Mphatso anaolewa. Tutaona nani atawashikia kuku."

Hakuwa anatania. Kwetu ndoa hufungwa kwa wajomba wa pande mbili kubadilishana kuku, wa kiumeni jogoo, wa kikeni kuku jike. Kwa Mphatso mjomba huyo alikuwa Yobe; asipofika, hakuna harusi.

"Madamu, jaza tu," nilimnong'oneza. "Nani atakayezihesabu siku zenyewe?"

"Mimi."

Siku ya kikao cha wazazi alipiga magoti mbele ya mjomba wake, akamwamkia kwa kupiga makofi kama ilivyo adabu, kisha akasimama.

"Wazazi, nimekula kuku wa mjomba wangu, na mjukuu wake anaitaka nafasi hii. Kwa hiyo mimi sichagui. Watachagua walimu. Daftari la mahudhurio lile pale mezani, litazameni. Na msaidizi wangu naye alikula paja, akae pembeni."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Mjomba Yobe akaondoka bila kuaga, na nafasi akaipata Takondwa, binti wa muuza viazi.

Siku ya harusi, hadi saa saba mchana jogoo wa kiumeni alikuwa bado kwapani mwa mjomba wa bwana harusi, Yobe hajafika. Mphatso alikuwa analia ndani.

"Nenda kamwombe radhi," nilimwambia Madamu.

"Radhi ya nini? Nilimsalimia kwa magoti, nikasema kweli." Lakini alikuwa akitazama njia.

Ndipo Mjomba Yobe akaingia, suti imejaa vumbi, kuku jike mkononi. Akawapita wageni wote hadi kwa Madamu, na Madamu akampigia magoti.

"Esnath."

"Mjomba."

"Kuku huyu hapa. Haya, mtangaze na huyu."

Madamu, ambaye sikuwahi kumwona akitoa chozi, alilia mbele ya watu wote. Kisha akainuka, akamtangaza kuku yule.