Duka la Marehemu Mama

Arobaini ya mama ilikuwa haijafika, lile duka la mtandaoni likamwandikia kwamba limemkumbuka. Nilikuwa kwenye stesheneri yangu hapa Kibiti, namtolea mtu fotokopi za fomu, simu yangu mpya ikalia, nikaona jina la mama, jina kamili mpaka la babu, na chini yake maneno ya Kizungu ya kumbembeleza: hatujakuona siku nyingi, rudi, wateja wako wanakungoja. Loo! Yule mwenye fomu akanitazama, akauliza, "Dada, vipi, umepata msiba?" Nikamjibu kwamba nilishaupata.

Duka lenyewe nililifungua mimi. Mama alikuwa anakaa Salale, kule deltani mto unakoingia baharini, anasuka mikeka ya ukindu, na wachuuzi walikuwa wanamlalia kwenye bei mpaka unaona huruma. Mimi nina kompyuta, nina bando, nikasema kwa nini tusiwauzie walio mbali wanaojua thamani yake? Kufungua duka kulitaka kitambulisho cha taifa. Changu kilikuwa hakijatoka, nina namba tu. Cha mama kilitoka mapema, anakihifadhi ndani ya kanga kama hirizi. Basi duka likawa lake, kwa jina lake na kwa uso wake, tukampiga picha mbele ya kamera anageuka huku na huku na kucheka. Aliyejibu wateja na kupeleka vifurushi posta ni mimi. Hakuna aliyeona ubaya. Kwetu mtu anasajili laini ya simu kwa kitambulisho cha dada yake na maisha yanaendelea.

Kila nilipokwenda Salale nilimrekodi video fupi za kuweka dukani. Anachana ukindu, anatia rangi kwenye sufuria, anaunganisha ukili kwa ukili mpaka mkeka unatimia. Na muda wote anasema. Mama yangu hakujua kufanya kazi kimya. Anamsema kuku, anamsema jirani, ananisema mimi: "Wewe bibie, unanipiga picha tu, nimekuwa bi harusi? Hebu njoo ushike huku!" Anaanza kwa Kiswahili, anamalizia kwa Kindengereko, halafu anacheka mwenyewe kabla hujajua kilichomchekesha. Ni sauti hiyo ninayoizungumzia. Yote niliyofanya baadaye niliyafanya kwa ajili yake, na nakuomba usinihukumu kabla sijamaliza.

Presha ilimwangusha uani asubuhi moja, na mchana hakuwapo. Nilipofika Salale alishaoshwa. Tuliokuwa ndani, wanawake, tulimsikia mjomba, kaka yake mama, amesimama nje mbele ya jeneza anasema kama inavyosemwa siku zote: anayemdai marehemu ajitokeze, sisi warithi tupo, na kama alimkosea mtu tunamwombea radhi. Mwanamke mmoja muuza rangi, aliyekuwa amekaa karibu yangu, akainua mkono, akasema kwa sauti ya kilio, "Mwambieni namdai za pakiti tatu, na nimemsamehe, duniani na akhera." Ujumbe ukapelekwa nje. Wanaume wakaitikia, jeneza likainuliwa. Nililia siku ile kuliko siku zote, kwa sababu ya zile pakiti tatu.

Wakati wa kurudi, pale Nyamisati, nashuka kwenye boti macho yamevimba, simu ikanichomoka mkononi ikaenda majini. Nilisikia "chubwi" tu. Watu wakanipa pole ya simu. Mimi nilisimama pale matopeni nimeshika kichwa, maana video zote za mama zilikuwa mle na sikuwa na akiba mahali pengine. Kisha nikakumbuka: zipo dukani, mle mtandaoni. Nikashusha pumzi. Nikajiambia sitazifungua sasa hivi, sina moyo huo, nitazifungua baada ya arobaini, nikae na mjomba tumsikilize pamoja. Kosa langu la kwanza hilo, kuahirisha.

Arobaini tukasoma. Wiki ileile ukaja ujumbe mwingine kwa jina la mama, na huu haukuwa wa kubembeleza. Kulikuwa na mteja wetu mmoja wa ng'ambo, mzee, aliyenunua mikeka mitano, mmoja baada ya mwingine, na kila mara anaandika neno la kumsifu mama. Alikuwa analipa kwa kadi ya benki. Sasa utaratibu wa kadi ni huu: mwenye kadi akisema malipo haya siyatambui, benki yake inazirudisha fedha kwake kwanza, halafu ndipo muuzaji anaulizwa ana ushahidi gani. Ujumbe ulisema mwenye kadi amefariki. Watoto wake wamepekua malipo yake, wameona jina la mama mara tano, hawamjui, wamelalamika benki. Nina siku chache za kujibu. Kwenye ukurasa kulikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kupinga na kingine cha kukubali.

Stakabadhi za posta nilikuwa nazo zote tano, zimepangwa kwenye faili. Kupinga kungenichukua nusu saa. Lakini nililiona lile neno, amefariki, nikalifunga lile faili. Nikampigia mjomba. Hata sikumaliza kumweleza.

"Mtu amekufa," akasema, "na wewe unatafuta stakabadhi? Si juzi tu mama yako alisamehewa hapa mbele yako?"

"Lakini mjomba, mikeka aliipata. Na benki imeshawarudishia fedha."

"Kwani hao watoto wamekuuliza kama unamdai baba yao?"

"Wameuliza kwa namna yao."

"Basi wajibu kama watu wanavyojibiwa."

Nikawajibu. Niliandika kwa Kiingereza changu cha shule, nikakisahihisha mara tatu. Poleni sana kwa msiba wa baba. Sisi pia tumefiwa, tunajua uchungu wake. Baba yenu alikuwa mteja mwema na hatumdai kitu, tumemsamehe yote, duniani na akhera. Nikabonyeza kukubali. Wallahi nilijisikia mwepesi, nikafunga stesheneri mapema nikaenda kununua samaki.

Asubuhi nikaamka, duka la mama limefungwa. Kila nilipobonyeza napelekwa ukurasa mmoja mweupe: akaunti imezuiwa. Kumbe kule kwa wenye mtandao kukubali si kusamehe. Kukubali ni kukiri kwamba watoto wa marehemu wamesema kweli, kwamba malipo yale matano hayakuwa halali na labda hata mikeka haikuwapo. Muuzaji anayekiri mara tano kwa mpigo ni mwizi, na duka la mwizi linafungwa na kila kilichomo. Mama yangu mwizi! Mama aliyekuwa akirudishiwa chenji imezidi anatembea na jua mpaka kwa mwenye duka kuirudisha! Nilipiga meza mpaka mashine ya fotokopi ikatikisika. Rambirambi zangu wala hazikusomwa na binadamu.

Nikaanza kuwaandikia wenye mtandao. Anajibu mtambo: habari, na jina la mama, tunaelewa unavyojisikia. Unaelewa nini, mwanaharamu wewe? Nikaandika tena, mtambo ukajibu tena, na kila jibu linaanza na jina lake, mara tano sita kwa siku, mpaka nikawa naogopa simu ikilia. Hapa mtaani hakuna anayelitaja tena jina lile bila kutanguliza marehemu. Mtambo peke yake ndio uliomwita kama mtu aliyetoka uani kidogo tu.

Nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye, yuko Dar, kazi yake ni kuuza mtandaoni. Nikamwambia nataka kuwaeleza ukweli, kwamba mwenye duka amefariki na mimi ni mwanawe. Akapiga kelele.

"Weee! Usithubutu. Ukisema amekufa wanafunga moja kwa moja na kufuta vyote. Kisha ndipo watakudai cheti cha kifo na barua ya mirathi, na vitu vimeshafutwa."

"Sasa nifanye nini?"

"Futa yale uliyokubali. Sema ulikosea, peleka stakabadhi, wadai fedha zako. Halafu mwenye duka ajitokeze kwenye kamera, walinganishe uso wake na wa kitambulisho."

"Mwenye duka yupo kaburini, shoga."

"Najua. Si mnafanana?"

Nilikaa na maneno yale siku nne. La kamera bado nilikuwa sijalifikiria. Lililonikaba lilikuwa lile la kwanza. Nimemsamehe maiti kwa maandishi, na sasa nirudi nimwambie sikukusamehe, lipa. Nilimwendea mjomba mwenyewe Salale, tukangoja maji yajae ndipo boti ikaondoka, nikamkuta amekaa barazani kwa mama. Nilimweleza yote.

"Sijawahi kumwona mtu aliyemsamehe maiti akarudi kumdai," akasema.

"Hata mimi."

"Mle dukani kuna nini hasa?"

"Sauti ya mama. Sina kwingine ninapoweza kuipata."

Akainamisha kichwa. Baadaye akasema, "Fanya. Huyo mzee mimi nitamwombea dua kila Ijumaa, labda atatuelewa. Na ukifungua nitakuja. Na mimi nataka kumsikia dada yangu."

Nikazituma stakabadhi. Niliandika kwamba nilikosea, kwamba mikeka mitano ilipelekwa na ikapokewa, na kwamba naidai thamani yake. Tangu siku hiyo yule mzee nisiyemjua hata sura alihamia kwangu. Nikiwa natoa fotokopi namhisi amesimama upande wa pili wa meza, hasemi, anasubiri zamu yake. Nikitandika mkeka nisali, namfikiria na mikeka ya mama kwenye nyumba yake, na watoto wake wanaikanyaga na kuulizana imetoka wapi. Nilimwomba radhi nikiwa barabarani, nikiwa jikoni, mpaka jirani akauliza nazungumza na nani. Ndiyo, niliogopa, siwezi kuficha.

Benki ikakubali ushahidi. Watoto wa marehemu wakakatwa zile fedha. Mtambo ukamwandikia mama: hongera, imebaki hatua moja, thibitisha kwamba ni wewe.

Nilijifunga ushungi wa mama, ule wa samawati aliopigia picha ya kitambulisho. Nilifunga nusu mlango nikakaa kwenye kiti, kamera mbele. Nikajaza tarehe yake ya kuzaliwa. Nikaweka alama mahali palipoandikwa: nathibitisha kuwa mimi ndiye mwenye akaunti hii. Likatokea duara. Sogea karibu. Geuka kushoto. Geuka kulia. Tabasamu. Nikatabasamu, na nilimwona kabisa yumo mle kwenye kioo, mashavu yamebonyea kwa msiba, macho ni yale yale. Duara likawa kijani. Uso umelingana. Karibu tena, na jina lake. Niliuvua ule ushungi haraka, nikauweka juu ya meza, nikawa naogopa hata kuyashika mashavu yangu mwenyewe.

Nilimpigia mjomba, akafika kesho yake asubuhi, amevaa kanzu ya Idi na kofia mpya. Alikataa chai. Nikamwekea kiti mbele ya kompyuta, nikageuza spika zimwelekee, nikafungua video ya kwanza. Mama huyo! Amekaa mkekani miguu imenyooka, ukili unapita vidoleni, amegeuza uso kwangu, mdomo unakwenda kasi kama kawaida yake. Na badala ya sauti yake kikaja kinanda. Kawimbo kachangamfu ka wenye mtandao wenyewe, wanakokatoa bure.

Nikafungua ya pili. Kinanda. Ya tatu, anacheka, amejishika mbavu, kinanda kilekile. Zilikuwa kumi na moja, nilizipitia zote, na nilipofika ya mwisho nilikuwa nimeshakumbuka. Ni mimi. Kulikuwa na sehemu ya kuchagua: acha sauti ya asili, au weka muziki. Nilikaa papo hapo kwenye kiti hiki, nikasema wateja hawamwelewi, anapiga kelele tu, na nikabonyeza mara kumi na moja.

Sikuweza kugeuka. Mjomba alikuwa ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio, hajaondoa macho kwa dada yake. Alikisikiliza kile kinanda kwa adabu mpaka kikaisha.

"Haya," akasema. "Wimbo tumeusikia. Sasa mwache aseme."