Saba Zilizolala

Siku hizi hakuna neno linalonipandisha hasira kama "orijino". Yule bwana aliyetuita kuona gari alilirudia tangu getini kwake Kitisuru hadi gereji, mimi nikiwa nimemshika mama mkono. Ya kale dhahabu, alituambia, tena akalipigapiga boneti. Lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, pua ndefu, injini ya silinda nane, limefufuliwa likang'aa, na alidai ni lile lile la marehemu baba, lililotubeba tulipokaa mtaa wa Woodley. Alikuwa na mnunuzi wa ng'ambo aliyetaka mtu wa familia athibitishe. Mnunuzi hakunihusu. Mama ndiye alitaka kuketi ndani yake tena kabla macho hayajamwisha kabisa.

Nairobi tunachora namba ya gari kwenye vioo na taa ili wezi wasipate pa kuviuza. Wengine huwaachia mafundi wenye mashine. Baba hakumwamini fundi yeyote. Alichukua ncha ya tupa kuukuu akachora mwenyewe, saba zake zikalala kama walevi, na mama akamnunia kwa kuharibu gari zuri.

Sasa mama aliketi upande wake ule ule, akapapasa kioo kwa kidole gumba. Namba ilikuwepo, safi, imenyooka.

"Baba yako hakuandika vizuri hivi," akaniambia.

Damu ilinichemka. Kumbe tumeitwa kushuhudia uongo, na mama mzima na ushungi wake wa Idi! Nikamuuliza yule bwana gari alilitoa wapi hasa.

"Madam, hii ni gari yenu kabisa. Nilitoa kwa yadi fulani Kinoo. Hiyo namba ndio niliweka juzi. Vioo za zamani zilikuwa zimekwaruzwa vibaya, mpaka saba zimelala. Nilitupa zote."

Hapo nikajua gari ni letu kweli, na hasira ikazidi. Angekuwa mwongo ningemtukana nikaenda zangu. Huyu alikuwa na mkono wa baba yangu kwenye vioo vinne, akauona uchafu.

"Ulitupa wapi, mwanangu?" mama akauliza.

"Dampo, mama. Zamani."

Yule bwana akanigeukia mimi, akitabasamu. "Kwa hivyo ni orijino, si ndio?"

"Ilikuwa," nikamjibu.

Nikamfungulia mama mlango. Hakushuka. Alikuwa bado anapapasa kioo, pembe hadi pembe.