Nilivyofuga Bahari Chini ya Mlima Meru

Siku yangu ya kwanza pale hotelini Usa River, Fundi Mkuu alichota maji kwenye pipa la plastiki, akanipa kikombe, akasema, "Onja." Nikaonja, nikatema. Nilikuwa mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kikatiti, na bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Alicheka sana. Akaniambia, "Basi umeshafahamiana na mwajiri wako."

Nyie vijana mnaona kazi za hoteli ni jambo la kawaida. Sisi tulizifikia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nikipima maji ya boila katika kiwanda cha umma, na ubinafsishaji ulipoingia, asubuhi moja tulikuta geti limefungwa na tangazo limebandikwa. Nikakaa nyumbani Kimandolu nikiuza maandazi, roho juu juu. Kwa hiyo niliposikia mwekezaji anajenga hoteli na anatafuta mtu anayejua kupima maji, sikuuliza maji gani.

Mwekezaji alitaka tangi la kioo mapokezini, dogo tu, lakini lenye matumbawe na viumbe wa baharini walio hai. Ndiyo maana alimleta Fundi Mkuu kutoka Tanga, mzee wa Kiislamu mpole, mwenye kibali cha kuvuna viumbe hao na mkono usio na haraka. Mimi nilikuwa msaidizi wake, wa majaribio.

Tangi la aina hiyo halijazwi siku moja. Kwanza tulilijaza maji baridi, yasiyo na chumvi, tuone kama linavuja. Kisha tukamwaga mchanga wa pwani na maji ya bahari yaliyosafirishwa kwa mapipa ambayo hayakuwahi kuwekwa mafuta wala sabuni. Halafu tukapanga mawe hai. Ni mawe ya baharini yenye vitundu, na ndani yake wanaishi bakteria wanaokula uchafu wa samaki. Bila hao, samaki hufa kwa mkojo wao wenyewe. Tukasubiri wiki nyingi bila kuweka kiumbe chochote, na Meneja Mkuu akipita huuliza, "Mnafuga mawe?"

Baadaye tukaweka samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, halafu konokono wa baharini, kamba wadogo, kipande cha tumbawe, na mwisho anemoni. Huyu anemoni ni mnyama laini mwenye mikono mingi inayochezacheza, nawe ungeapa ni ua. Wale samaki wa chungwa walijilaza ndani yake kama watoto kitandani kwa mama yao. Nilimpenda mno. Nilikuwa nikimsalimia kila asubuhi kabla ya wafanyakazi wenzangu.

Sasa, maji ya tangi hupungua kwa mvuke, lakini chumvi hubaki. Ukiongeza maji ya bahari, chumvi inapanda mpaka viumbe wanaungua. Kwa hiyo huongezwa maji baridi. Lakini maji ya kwetu Meru yana floraidi na magadi tele. Tazameni meno yetu ya kahawia, hayahitaji maelezo. Fundi Mkuu akaagiza, "Tumia ya mvua, mwanangu." Nami nikatumia ya mvua.

Wiki ya ufunguzi wa hoteli, kamba wakaanza kufa. Konokono wakawa wanadondoka kiooni. Anemoni akajikunja, akasinyaa mpaka akabaki donge dogo la kijivu. Samaki walikuwa wazima kabisa, wanacheza, na hilo ndilo lililotuchanganya.

Meneja Mkuu alikuja, akasimama mikono nyuma.

"Mama Neema, Jumamosi nina wageni. Hili likianza kunuka nalitoa, napanda maua."

"Tutalirekebisha, Meneja."

"Nakuombea mlirekebishe. Maana tangi likiondoka, sina kazi nyingine ya kukupa."

Nililiona tena lile geti la kiwanda.

Fundi Mkuu alivuta kiti, akaketi mbele ya kioo. "Samaki wanacheza, na wasio na mifupa wanakufa," alisema. "Hapo kuna madini. Tuliwahi kuua kamba Tanga kwa dawa yenye shaba." Tukatafuta chuma kila mahali: kwenye pampu, kwenye taa, kwenye bawaba za mfuniko. Hakuna. Ndipo mvua ikaanza, ikipiga kelele juu ya stoo mpya, na mzee akainua macho.

"Mwanangu, ile ya mvua unaikinga wapi?"

"Si paani, Mzee? Kwenye mabati."

"Mabati?"

"Mapya kabisa, Mzee. Yanang'aa!"

Akashika kichwa. Bati huchovywa zinki lisipate kutu, na maji ya mvua huitelemsha kidogo kidogo. Binadamu haimdhuru, ila kwa kamba na anemoni ni sumu. Yeye alikulia chini ya makuti, hakufikiria bati. Kwetu mlimani, maji ya bati jipya ndiyo unayompa mchungaji akija kukutembelea. "Basi tumeua sote wawili, mimi kwa makuti na wewe kwa bati," alisema, na akacheka mpaka nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Tulikuwa na pipa moja la akiba la maji ya bahari. Tukawahamishia anemoni, samaki na konokono waliobaki kwenye beseni la plastiki, na kipampu cha hewa pembeni. Dereva akatumwa Tanga kuleta mapipa mengine. Tukamwaga karibu maji yote ya tangi, tukaosha mchanga, tukaweka yale mapya. Ya kuongezea tukayakinga kwenye turubai la plastiki lililotandazwa uwanjani, yakitoka mbinguni moja kwa moja.

Ijumaa, donge bado ni donge. Jumamosi asubuhi niliingia nikiwa nimeshajiandaa kuaga. Anemoni alikuwa amefunguka, mikono yote nje, na samaki wamelala ndani yake. Nililia kwa sauti mapokezini, Meneja Mkuu ananitazama.

"Amekufa?" akauliza.

"Mzima, Meneja! Mzima!"

"Basi futa machozi, wageni wako getini."

Barua ya kuthibitishwa kazini ilifuata. Baadaye nilihamishiwa hoteli yao nyingine, nikafundisha wasaidizi wangu, na kila mmoja nilimwonjesha maji. Kwa anayetaka kuweka tangi, nasema fuatilia njia yote ambayo maji yamepita, kuanzia angani.

Uzee ulipofika, niliandika mwenyewe barua ya kustaafu, nikakabidhi pampu na vipimo, nikanywa chai na wenzangu. Getini askari alinifungulia, akasema, "Shikamoo Mama, karibu tena." Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikalala usingizi mchana kweupe.