Darasa Lililopanda Dunguni

Umande bado umelala juu ya masuke ya mpunga hapa Idete, na Justa, mwanamke mfupi ambaye kicheko chake hufika kabla yake, amepakata mguu wa mtoto mapajani. Mkononi ana mwiba wa mlimau. Chini, kwenye tuta kavu, chungu cha uji kinatokota.

"Tulia, Fulgensi. Funza mmoja tu."

"Jana ulisema mmoja tu, mama, wakatoka wanne!"

"Basi leo nasema wanne, atoke mmoja. Lete mguu."

Watoto wanaosubiri zamu wanaangua kicheko mpaka miti inatikisika. Wamekaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo kwa kawaida hubeba mtu mmoja anayefukuza ndege shambani. Hili ni madungu manne yaliyounganishwa, nalo limebeba shule nzima.

Justa si mwalimu. Ni mpishi wa shule ya misheni, mwenye umri wa miaka kama thelathini, na ujira wake ni kibaba cha chumvi kwa juma. Mumewe hakurudi kutoka vita vya Maji Maji. Binti yao, Balbina, alizaliwa katika njaa iliyofuata, watu wakichimba mizizi porini. Mwaka huu wa 1913 anatimiza miaka saba, na ameanza kuunganisha herufi.

Ndiyo maana ujio wa padri mkaguzi mwaka jana ulimkosesha Justa raha. Padri huyo hufika mwezi wa tano, mpunga unapoiva. Alikuta watoto watano. Akaacha neno: mwakani wasipofika thelathini, Mwalimu Tadei atahamishwa na shule itafungwa.

"Nilimtazama mwanangu anavyofuata mstari kwa kidole," anasema Justa. "Nikajiambia, hapana, hili haliishi hivihivi."

Akadhani kinachowazuia watoto ni njaa. Akaomba unga nyumba kwa nyumba, akapika uji. Watoto wakaja wote. "Wakanywa, wakafuta midomo, wakarudi mashambani kufukuza ndege. Hata asante walinipa huku wanakimbia."

Akadhani ni funza, kwa kuwa wengine walitembelea visigino. Akakaa na mwiba wake juma zima.

"Miguu ikapona," anasema, na hapo kicheko kinamshinda. "Wakakimbia vizuri zaidi! Kumbe nilikuwa nawaponya ili wawahi ndege."

Siku moja akawafuata. Akamkuta mzee Hermenegildi, babu yake Fulgensi, amesimama katikati ya shamba na rundo la kamba kuukuu za kutishia ndege.

"Shikamoo, babu. Kwa nini humwachi mtoto asome?"

"Marahaba, mwanangu. Kamba hizi zilikuwa na wavutaji watatu. Wanangu wawili walikwenda vitani. Wa tatu ni mimi, na mashamba ni yaleyale. Nimweke nani?"

Justa alikaa chini, akamsaidia mzee kufumua mafundo. Anasema jibu lilimjia mikononi, kabla halijafika kichwani.

"Mtoto haji shuleni kichwa peke yake. Anakuja na tumbo, anakuja na miguu, anakuja na mpunga wa babu yake. Mimi nilikuwa nimeuacha mpunga nyuma."

Akawaendea wenye mashamba yanayopakana, akawaomba waunganishe kamba zao na madungu yao, shule ihamie hapo mpaka mavuno. Wengi walicheka. Aurelia, jirani yake, alicheka kupita wote.

"Mama Balbina, hizo herufi zako zina mbawa? Zitafukuza kwelea?"

"Njoo Jumatatu uone," akajibiwa.

Jumatatu Mwalimu Tadei aliandika ubaoni kwa mkaa. Watoto ishirini wakasoma kwa pamoja, kwa sauti ile waliyozoea kupigia kelele ndege. Kundi la kwelea likainuka kutoka shamba la Aurelia, likavuka mto. Mzee Hermenegildi akavuta kamba, vibuyu vyenye kokoto vikalia upande wa pili. Kesho yake Aurelia alifika na kapu la unga kichwani.

"Sikuja kusoma," alisema. "Nimekuja kuwaongezea sauti."

Juma lililopita padri mkaguzi alikuja, siku mbili kabla ya kutazamiwa. Akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha shule. Hakukuwa na mtu ila kuku aliyekuwa akitaga chini ya meza. Alikuwa ameshafungua daftari lake Justa alipotokea mbio, tope hadi magotini.

"Shikamoo, Baba Padri. Usiandike kwanza. Panda mtumbwi."

"Kwenda wapi?"

"Shuleni."

Walipokata kona ya mto, mpunga wote ulikuwa unasoma. Padri alikunja joho lake, akapanda dunguni, akahesabu mara mbili. Thelathini na wanne. Kisha akamwonyesha kidole mzee Hermenegildi, ambaye alikuwa anavuta kamba huku midomo yake ikifuata ubao.

"Na huyu je?"

"Huyo mhesabu pia, Baba," alisema Justa. "Ameshafika herufi M."

Padri akacheka, akaandika thelathini na watano. Mwalimu Tadei anabaki.

Justa sasa anataka dungu la pili, lenye paa, kwa ajili ya watoto wa kijiji cha Katindiuka. Ameshaanza kuwaendea mama zao. Na mzee akifika mwisho wa herufi, ameahidi kumshikia Justa mwiba na mwiko asubuhi moja kila juma, ili mpishi naye akae mbele ya ubao.

"Mwakani nataka padri ahesabu mpaka achoke," anasema, akipakua uji.

Juu yake Balbina amesimama mbele ya wenzake, kidole ubaoni. Anavuta pumzi, anasoma neno zima peke yake, na ng'ambo ya shamba ndege wanaruka.