Bwana wa Kiti cha Dirishani

Tangu ndege iliporuka Dar es Salaam, bwana wa kiti cha dirishani hakugusa pazia bila ya ruhusa. Jua likimpiga usoni jirani yake, Mwanakheir, hulishika pazia kwa vidole viwili, kama anayefunua kawa ya chakula mbele ya wageni, na kuuliza, "Nifunge, Bibi?" Ndege ikigeuka huuliza tena, "Nifungue?" Mwanakheir alishamwambia kwamba mama yake amefariki alfajiri, nyumba iko Mpendae ubavuni mwa msikiti, na wameahidi kumngoja amwone uso kabla hajatolewa.

Ndege ilipoinama juu ya Mpendae, Mwanakheir akainua shingo achungulie kwao. Bwana yule akalifunga pazia bila ya kuuliza, akalikandamiza kwa kiganja kizima.

Mwanakheir akamgeukia. "Fungua, baba. Kwetu ndo hapo."

"Nisamehe."

"Nakwambia fungua."

Kiganja hakikuondoka. "Washatoka naye, mwanangu. Jeneza liko barabarani."

Mwanakheir akashusha shingo. "Inna lillahi," alisema. "Basi fungua. Sisi wanawake hatwendi makaburini. Wacha nimsindikize kwa macho."

Bwana yule akalifungua pazia, kwa vidole viwili.