Mume Wangu Alimwambia Khalati Yake Kuwa Mimi Ni Dereva

Admin, jina langu libaki kwako, mengine yote waache wayasome. Nina miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Likoni, na sasa naishi Frere Town na mume wangu. Mimi naendesha basi la shule. Yeye ni karani, bingwa wa kupiga pasi mashati, lakini usukani hajui hata unashikwaje.

Alinioa nyumbani kwa baba yangu, akaja na wafanyakazi wenzake tu. Kwao ni Mji wa Kale, ila jamaa zake walihamia Maskati zamani. Alisema atawaeleza taratibu kwamba ameoa. Taratibu hiyo imekula miaka mitatu, na mimi nangoja tu.

Mwezi uliopita khalati yake, dada wa marehemu mamake na ndiye aliyemlea, alikuja kutembea, akafikia kwa rafikiye Kibokoni. Mume wangu akaniambia, "Nitakodi gari tumzungushe kisiwa kizima. Wewe utaendesha." Nilifurahi, jamani! Nikapaka hina, nikavaa dera jipya, nikajizoeza kuamkia mbele ya kioo kama mwari.

Tulipokaribia Kibokoni akahamia kiti cha nyuma. Nikadhani ni adabu. Yule mama akaingia, nikageuka.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu ni nani?"

Mume wangu akajibu bila hata kumeza mate, "Huyu ni dereva. Amekuja na gari."

"Madereva wa siku hizi wajipamba!" khalati akacheka, kwa wema tu.

"Mimi nimechoka kuendesha kila siku," akaongeza yule bwana. Kuendesha! Mtu ambaye hata baiskeli ilimtupa mtaroni.

Ningeweza kusema palepale. Mwanzo ulimi ulikuwa mzito, lakini baadaye nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka kuona mwanamume mzima anaweza kushuka hadi wapi.

Nikawaendesha. Siku yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo nalo liliniudhi. Tulipita Ngomeni, tukazunguka hadi ufuoni Mama Ngina, maji yaking'aa, meli kubwa ikiingia bandarini karibu kabisa, khalati akinunua mihogo ya kukaanga na kuchekacheka kama msichana. Akanyoosha kidole ng'ambo ya pili. "Likoni imejengeka! Twende tukaione?"

"Hakuna cha kuona kule, khalati," mume wangu akasema. "Watu wa ovyo tu."

Kule ndiko aliko baba yangu. Pilau ya harusi yetu mume wangu aliila kule, sahani baada ya sahani, akaomba na ya kubeba.

Tukaenda Tudor kutazama mikoko. Nikiwa naegesha, khalati akamwambia, "Sasa waoa lini? Kuna mtoto wa watu Maskati, nimeshasema na mamake. Nimjibu nini?"

Nikazima gari. Nikamtazama mume wangu kwenye kioo. Yeye hakuniangalia, alikuwa anafuta kiatu chake kwa kitambaa.

"Wewe ndiye mamangu," akasema. "Utakaloamua, inshallah."

Hapo kitu kikanitoka moyoni, na hakijarudi hadi leo.

Jioni tuliporudi Kibokoni, khalati akaitazama hina yangu, akatoa kopo la halua akanipa. "Chukua, mwanangu. Umetuendesha vizuri. Kampe mumeo, umwambie ana mke mtulivu."

"Ahsante, khalati. Nitamfikishia." Nikageuka nikaliweka kopo mapajani mwa mume wangu. "Haya, mume wangu. Khalati amekupa halua."

Mnajua alifanya nini? Alicheka. "Huyu dereva ana mzaha! Wallahi simjui, khalati, nimemjua leo."

Khalati hakuniuliza mimi chochote. Alimtazama yeye mpaka kicheko kikamkauka. "Mimi ndiye niliyekulea," akasema. "Urongo wako naujua tangu huna meno. Huyu ni mkeo?"

Mwanamume wangu akaanza kulia. Si kwa ajili yangu, alilia kwa kukamatwa. Khalati akateremka, akaja dirishani kwangu, akanishika mkono wenye hina. "Nisamehe, mwanangu," akasema, akaingia ndani. Nami nikamwambia yule bwana ashuke. Nikarudisha gari kwa wenyewe, nikavuka kwenda kwa baba.

Sasa niko Likoni. Khalati ananipigia simu kila siku. Amekataa kurudi Maskati hadi afanye karamu Kibokoni, anitambulishe mbele ya watu kuwa mimi ndiye mke. Yule mtoto wa watu wa Maskati, khalati ameshamwambia mamake amwoze kwingine. Na mume wangu, baada ya kuona khalati amenikubali, sasa ana mapenzi! Huja kwa baba na mikungu ya ndizi, ananiita malkia. Baba anasema, "Mume hatupwi kwa siku moja. Si umepata ulichokuwa ukikingoja?"

Nimekipata kweli. Lakini sina hasira, ndugu zangu. Hasira ningejua kuipoza. Ninamdharau. Nikimwona anakula, namdharau. Akisema ananipenda, nawaza ni nani amemruhusu.

Walioolewa mnijibu, na wanaume pia: mtu huweza kurudi na kulala pembeni mwa mtu anayemdharau, hadi dharau ikaisha? Au niachane na karamu, nimwombe khalati radhi, nidai talaka yangu? Nishaurini, nifanyeje?